Heri ya Siku ya Marehemu

Ndugu zangu mlioko nyumbani,

Huku tu wazima. Mgonjwa ni kalenda. Nchi hii ya Marekani ina siku tatu za kijeshi ambazo wenyeji wenyewe, waliozaliwa na kusomeshwa humu humu, huzichanganya kila mwaka bila hata kuona haya. Ya kwanza ni Armed Forces Day, Jumamosi ya tatu ya Mei, nayo ni ya askari walio kazini leo, wanaovaa sare na kupokea mshahara. Ya pili ni Memorial Day, Jumatatu ya mwisho ya mwezi huo huo wa Mei, ya wale waliokufa wakilitumikia jeshi. Ya tatu ni Veterans Day, 11 Novemba, ya kila aliyewahi kuwa askari akamaliza muda wake, hasa wale ambao bado wanapumua. Walioko, waliokufa, waliorudi: mtoto wa darasa la tatu anaweza kuzikariri kabla ya kengele ya mapumziko. Lakini ikifika ile Jumatatu ya Mei, matangazo ya redio huwashukuru wastaafu wa jeshi kwa utumishi wao, majirani hutakiana heri, yaani heri ya Siku ya Marehemu, na mzee wa watu aliyepigana Vietnam, aliyekaa zake barazani akisikiliza besiboli, hupewa mkono na shukrani ambazo kwa kalenda ni za wenzake waliobaki huko huko. Akiwa mpole huitikia. Akiwa mkali hujibu kwamba yeye bado hajafa, arudiwe Novemba.

Na msidhani mkanganyiko unaishia hapo. Massachusetts na Maine wana Patriots' Day, Jumatatu ya tatu ya Aprili, ya kukumbuka mapigano ya Lexington na Concord ya 19 Aprili 1775. Siku hiyo ndiyo hukimbiwa marathoni ya Boston, kwa hiyo wapenzi wa riadha kwetu wanaijua bila kujua kuwa wanaijua: Ibrahim Hussein wa Kenya alimshinda Juma Ikangaa wetu wa Tanzania kwa sekunde moja tu mwaka 1988, Ikangaa akashika nafasi ya pili tena 1989 na 1990, na hatukuambiwa hata mara moja kwamba ile ilikuwa sikukuu ya watu. Kisha kuna Patriot Day, bila ile herufi ya mwisho, ambayo ni 11 Septemba, iliyowekwa kwa sheria mwaka 2001 kwa ajili ya waliouawa siku ile ya ndege. Tofauti ya majina hayo mawili ni herufi moja na ritifaa, ile ile ya kwenye ng'ombe. Maine wanaiweka ritifaa kabla ya herufi, Massachusetts baada yake, na Veterans Day haina kabisa. Ukiteremka Kusini unakuta Confederate Memorial Day, yaani Memorial Day iliyoongezewa neno moja, nayo ni ya wafu wa jeshi lililopigana na lile jeshi ambalo Memorial Day ya kwanza iliwekwa kwa ajili yake. Alabama huiadhimisha Jumatatu ya nne ya Aprili, Mississippi Jumatatu ya mwisho ya Aprili. Miaka mingi ni siku moja. Aprili ikipata Jumatatu tano, majimbo hayo jirani huachana kwa wiki nzima wakiwalilia watu wale wale. South Carolina wao wamebaki na 10 Mei, tarehe aliyokufa Jenerali Stonewall Jackson mwaka 1863.

Maelezo mepesi, ambayo magazeti ya huku huyatoa kila mwaka, ni kwamba majina yamefanana mno, basi umma uelimishwe. Huchapishwa makala fupi za kufafanua siku hii ni ya nani na ile ni ya nani, watu husoma, hutikisa kichwa, na mwaka unaofuata hukosea upya. Mimi sikubaliani na maelezo hayo. Watu hao hao wana Siku ya Mama, Jumapili ya pili ya Mei, na Siku ya Baba, Jumapili ya tatu ya Juni. Majina hayo yamefanana kuliko Memorial na Veterans, na siku zenyewe zimepishana wiki chache tu, lakini sijaona gazeti likitoa makala ya kuwafafanulia watu tofauti ya mama na baba. Hawakosei kwa sababu mama yupo, ana simu, na akisahauliwa atasema. Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Siku ya kumbukumbu hulindwa na mwenyewe aliye hai, awe mjane, swahiba, au chama chenye katibu na mhuri. Ikikosa mwenyewe huokotwa na yeyote anayepita: kwanza askari walio hai, kisha muuza magodoro anayepunguza bei siku hiyo. Majina hayana kosa. Yanafanana kwa sababu hakuna aliyebaki wa kupiga kelele yakichanganywa.

Angalieni ilivyokuwa mwanzo, siku hii ya Memorial Day ilipokuwa na wenyewe. Vita vya Marekani kwa Marekani vilipokwisha mwaka 1865, makaburi yalikuwa mabichi na kila mtaa ulikuwa na mjane wake. Kule Charleston, South Carolina, Watu Weusi waliokuwa wametoka utumwani muda mfupi tu waliwafukua askari wa Kaskazini waliofia kifungoni kwenye uwanja wa mbio za farasi na kutupwa shimoni, wakawazika upya mmoja mmoja, zaidi ya 250, wakajenga uzio, na tarehe 1 Mei 1865 wakaandamana watu wapatao 10,000, watoto wa shule mbele na maua mikononi. Maandamano hayo yalisahauliwa kwa zaidi ya miaka mia, mpaka mwanahistoria David Blight alipoyafukua kwenye nyaraka, na mnaweza kukisia kwa nini: waliokuwa na hati ya siku ile walinyang'anywa sauti mapema, pamoja na kura yao. Miaka mitatu baada ya maandamano hayo, Jenerali John Logan, mkuu wa chama cha askari wa Kaskazini kiitwacho Grand Army of the Republic, aliamuru 30 Mei 1868 iwe siku ya kupamba makaburi, na ikaitwa hivyo hivyo, Decoration Day, siku ya kupamba. Miji kadhaa iligombea kuwa ndiyo iliyoanza. Serikali kuu iliutambua mji wa Waterloo, New York, mwaka 1966, lakini Columbus ya Georgia haikubali, wala Columbus ya Mississippi haikubali, na kwa kuwa majina yameshafanana, kila Columbus husaidiwa na uzembe wa wanaosoma nusunusu. Ugomvi huo kwangu ni dalili ya afya. Watu hawagombei kisicho na mwenyewe.

Shangazi, najua, atasema dawa ni kubadili jina, liwe la wazi kabisa. Lakini jina la wazi lilikuwapo. Siku ya kupamba makaburi inakuambia uende wapi na ubebe nini. Huwezi kuisikia ukadhani unaalikwa kununua friji. Hata leo kwenye vijiji vya milima ya Appalachia kuna koo ambazo hukutana kwenye makaburi ya kanisa kila mwaka kwa jina hilo hilo, wakafyeka majani, wakaweka maua, wakala pamoja, kama tunavyozuru sisi makaburi ya wazee. Kwingineko Memorial Day lililiingilia jina hilo polepole mpaka likawa ndilo la kisheria mwaka 1967. Jina halikuiua siku. Lilifuata tu kilichokuwa kimeshatokea: wajane walikwisha, maswahiba walikwisha, na mwanachama wa mwisho wa chama cha Jenerali Logan, Albert Woolson, alifariki mwaka 1956, chama chenyewe kikafungwa naye. Miaka 12 tu baada ya mwenye siku kufungiwa daftari, Bunge likaja na sheria.

Sheria hiyo ya 1968, iliyoanza kutumika 1971, ndiyo ushahidi wangu mkuu, kwa hiyo nivumilieni. Bunge lilitaka wafanyakazi wapate mapumziko ya siku tatu mfululizo, likazichukua siku nne likazipeleka Jumatatu: siku ya kuzaliwa George Washington, Memorial Day, Siku ya Columbus, na Veterans Day. Washington alizaliwa 22 Februari. Jumatatu ya tatu ya Februari haiwezi kuwa kabla ya tarehe 15 wala kuvuka tarehe 21, maana yake ni kwamba Marekani kwa sheria yake yenyewe imehakikisha siku ya kuzaliwa Washington haitaangukia kamwe siku aliyozaliwa Washington. Marehemu hakulalamika. Columbus, ambaye majimbo mengi yalizoea kumkumbuka 12 Oktoba, akapelekwa Jumatatu ya pili ya mwezi huo, naye hakulalamika. Memorial Day ikang'olewa kwenye 30 Mei. Kimya. Veterans Day ikatolewa kwenye 11 Novemba, siku bunduki za Ulaya ziliponyamaza saa tano asubuhi mwaka 1918, ikapelekwa Jumatatu ya nne ya Oktoba, ambako hakuna vita yoyote iliyokwisha. Hapo pakawaka moto. Wastaafu wa jeshi wana vyama vikubwa, American Legion na Veterans of Foreign Wars, vyenye matawi mpaka kwenye miji ya barabara moja, na mbunge anayewaudhi hujikuta hana kazi. Majimbo mengi yakagoma, yakaendelea na 11 Novemba kana kwamba serikali kuu haijasema kitu. Mwaka 1975 Rais Gerald Ford akatia saini sheria ya kuirudisha, na kuanzia 1978 ikawa imerudi pale pale. Siku nne zilihamishwa. Tatu zilikuwa za wafu, moja ya watu walio hai. Iliyorudi kwao ni moja, na hamhitaji niwatajie ipi.

Mjomba, aliyesoma, ataleta hoja ya hali ya hewa. Atasema mwisho wa Mei huku ndiyo mlango wa kiangazi, mabwawa ya kuogelea hufunguliwa, nyama huchomwa, Indianapolis magari hukimbizwa maili 500 Jumapili ya wikiendi hiyo, basi nani angekubali kuirudisha katikati ya wiki? Wakati mwisho wa Oktoba ni upepo na majani makavu, hakuna aliyekuwa na hasara. Hoja ina uzito, na ningeikubali yote kama si Columbus na Washington. Columbus yuko Oktoba hiyo hiyo ya upepo. Washington yuko Februari, wakati theluji iko magotini na hakuna anayefungua bwawa. Baridi haikuwarudisha hao kwenye tarehe zao. Kama Jumatatu ingekuwa inalindwa na jua peke yake, siku tatu kati ya nne zingekuwa zimerudi. Jua linaeleza kwa nini Jumatatu ya Mei inapendwa sana, lakini halielezi kwa nini ile ya Oktoba ilishindwa. Mjomba akishupaa atataja Wamarekani wenye asili ya Italia, ambao wana vyama vyao na wamempigania Columbus kweli kweli. Wamempigania, ndiyo, lakini wamepigania sherehe na jina, kwa sababu hivyo ni vyao walio hai. Tarehe ilikuwa ya Columbus mwenyewe, na hiyo waliiacha iende.

Kuna hoja nyingine nzito zaidi. Wastaafu hao hao walioirudisha siku yao waliwaombea na wenzao waliokufa. Chama cha Veterans of Foreign Wars kilisema wazi mwaka 2002 kwamba kuihamishia siku Jumatatu kumewapotezea watu maana yake. Na mbele yao wote alikuwa Seneta Daniel Inouye wa Hawaii, aliyepoteza mkono wa kulia akipigana Italia mwaka 1945, ambaye tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 mpaka alipofariki Desemba 2012 alirudia kuwasilisha bungeni muswada ule ule wa kuirudisha Memorial Day kwenye 30 Mei. Mtu mwenye medali ya juu kabisa ya nchi, kiti cha Seneti tangu 1963, na ushahidi ukining'inia kwenye mkono mtupu wa koti, alishindwa kila mara. Basi, ataniuliza mjomba, si walikuwa na mtetezi aliye hai? Walikuwa naye. Lakini kudai haki ya mwenzio ni tofauti na kudai yako. Kwa Veterans Day, kila mstaafu alikuwa mdai, na kila mdai alikuwa na kura. Kwa Memorial Day, mdai alikuwa mmoja mwenye huruma, na waliomsikiliza walimheshimu, wakampisha azungumze, wakaenda kuchoma nyama. Tazameni pia biashara inavyojua tofauti hiyo bila kusomeshwa. Novemba, mikahawa huwapa wastaafu chakula cha bure, kwa sababu mstaafu ana mdomo na atarudi kesho na familia yake. Mei, hakuna wa kumpa, kwa hiyo hupunguzwa bei ya magodoro. Sijaona popote maelezo ya kwa nini magodoro. Labda mtu aliona kwamba wote wanalala.

Dada atawatetea wafanyakazi, na hapa nasalimu amri nusu. Sheria ya Marekani haimlazimishi mwajiri wa kampuni binafsi kumpa mtu hata siku moja ya likizo yenye malipo. Nchi tajiri hivi, na likizo ni hisani. Kwa mfanyakazi wa namna hiyo Jumatatu isiyo na kazi ni dhahabu, na wapo kweli wanaoitumia kuendesha gari mwendo wa siku nzima kwenda kaburini kwa kaka yao, safari isiyowezekana kama 30 Mei imeangukia Jumatano. Hiyo ndiyo faida halisi ya sheria ya 1968, wala siidharau. Ninachouliza ni kwa nini mchango wa mapumziko uombwe kwa marehemu. Bunge lingeweza kutangaza Jumatatu yoyote ya Mei kuwa ya kupumzika, ikaitwa Jumatatu ya Nyama Choma, na watu wangeshukuru. Badala yake walichukua siku iliyokuwa na kazi yake. Kisha dhamiri ikawasuta, wakaanza kuitilia viraka: mwaka 2000 ikatungwa sheria ya kuwaomba wananchi wanyamaze dakika moja saa tisa alasiri, saa ambayo kwa desturi mkaa ndiyo umeiva. Bendera nayo ina utaratibu wake mzuri wasioujua wengi: hupandishwa nusu mlingoti mpaka saa sita mchana, halafu hupelekwa juu kabisa. Asubuhi ni ya wafu, mchana unarudishiwa walio hai. Hapo angalau wamegawana kwa haki.

Wale jamaa walioko London watasema kwao Jumapili inatosha. Uingereza ina Remembrance Day, 11 Novemba, na Remembrance Sunday, Jumapili ya pili ya Novemba, majina mawili ambayo mgeni hawezi kuyatenganisha, na siku kubwa ni ile Jumapili inayohamahama. Mbona hawajapoteza kitu? Mfalme yuko kwenye mnara wa Cenotaph, watu wana maua mekundu kifuani, dakika mbili za kimya zinanyamaziwa kweli. Nakubali, na nasema ni kwa sababu ile ile. Chama cha wastaafu chao, Royal British Legion, kiko hai, ndicho kinachouza yale maua, na mwaka 1995 kilianzisha kampeni ya kurudisha kimya cha 11 Novemba yenyewe, hata kama ni Jumanne na watu wako sokoni. Kanada walikwenda mbali zaidi: mwaka 1921 waliiunganisha siku ya kusitisha vita na siku ya kushukuru mavuno, zote Jumatatu moja, bata mzinga na mazishi kwenye meza moja. Wastaafu walisumbua mpaka mwaka 1931 zikatenganishwa na 11 Novemba ikapata jina lake jipya la Remembrance Day. Lakini Waingereza hao hao, walipoanzisha mwaka 2006 Veterans' Day yao, 27 Juni, mbali kabisa na ile ya Marekani, haikumaliza miaka mitatu na jina lake. Kufikia 2009 ilikuwa Armed Forces Day, ambayo nayo si ile ya Marekani. Aliye na ndugu London na Texas awe na kalenda mbili ukutani.

Kaka mkubwa naye atahoji msingi wenyewe: kwa nini watu waendelee kulia? Kwetu matanga huanuliwa, arobaini husomwa, mjane hutoka eda, na maisha yakaendelea. Huzuni isiyokwisha ni ugonjwa. Ni kweli, na mila hiyo ina hekima. Lakini kuanua tanga kuna tarehe, kuna wenye tanga wanaohesabu siku, na hakuna anayeweza kuwaambia arobaini yao isogezwe iangukie Jumatatu kwa sababu ya magodoro. Tunamaliza huzuni makusudi. Huku huzuni haikumalizwa. Ilihamishwa bila kuagwa. Na tusijisifu sana. Tanzania ina Siku ya Mashujaa, 25 Julai. Kenya ina Siku ya Mashujaa, 20 Oktoba. Uganda ina ya mashujaa wake 9 Juni, Rwanda 1 Februari, na Kongo wana mbili mfululizo, 16 Januari ya Laurent-Désiré Kabila na 17 Januari ya Lumumba, baada ya ile ya mashahidi wa uhuru 4 Januari. Mtu mwenye mashemeji pande zote hizo anaweza kuzunguka mwaka mzima akiweka mashada. Kenya ndiyo darasa zuri zaidi. 20 Oktoba ilikuwa Siku ya Kenyatta, kwa sababu ya usiku wa mwaka 1952 alipokamatwa yeye na wenzake. Katiba ya 2010 ikaigawa kwa mashujaa wote. Siku ya Moi, 10 Oktoba, ilishika sana mwenyewe alipokuwa madarakani, halafu ikawa ya Huduma, ikawa ya Utamaduni, sasa ni ya Mazingira. Mapumziko hayakufa moja kwa moja, kilichokufa ni sababu, na kila serikali ikatafuta nyingine ya kuyavika. Na Saba Saba yetu, ambayo jina lake ni tarehe yenyewe na kwa hiyo haiwezi kuhamishwa hata kwa greda, ilikuwa ya kuzaliwa chama cha TANU mwaka 1954. Leo ni maonyesho ya biashara. Tarehe iko, jina liko, lakini TANU yenyewe ilikwisha 5 Februari 1977 ilipoungana na Afro-Shirazi kuwa CCM. Wakenya wakisikia Saba Saba wanakumbuka maandamano ya vyama vingi ya 1990, na wao wanaiadhimisha kwa nguvu, kwa sababu walioandamana wengine bado wanaandamana.

Wapo pia wafu wetu ambao hawana hata siku ya kuchanganyiwa. Hiyo 11 Novemba inayopiganiwa hivi haikuwa mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia kwetu. Habari zilimfikia Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, tarehe 13, bunduki zikanyamaza Chambeshi tarehe 14, na jeshi lake likaweka silaha chini Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, 25 Novemba 1918. Kwa wiki mbili ambazo Ulaya ilikuwa inasherehekea, askari na wapagazi wa kwetu walikuwa bado porini na mizigo kichwani. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba wafu wasiopungua 116,000 wa vita ile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote na huenda hawakukumbukwa kabisa, na serikali ya Uingereza ikaomba radhi bungeni. Askari alipata sanamu yake katikati ya Dar es Salaam mwaka 1927. Mpagazi alibakia na jina la kikosi chake kwenye mtaa, Kariakoo kwa Dar es Salaam, Kariokor kwa Nairobi. Kuwatafutia siku si rahisi kama mnavyodhani, maana kalenda imejaa kama daladala ya saa kumi na mbili jioni: 14 Novemba tayari ni Siku ya Kisukari Duniani, 25 Novemba ni ya kupinga ukatili dhidi ya wanawake, na jina la Mashujaa limeshachukuliwa kila upande wa mpaka. Kwa hesabu yangu, wadai pekee walio hai ni wafanyabiashara wa Kariakoo. Wana jumuiya yao, jina la wapagazi wanalo kwenye risiti zao, na mwaka 2023 walipofunga maduka kwa ajili ya kodi, Waziri Mkuu alikwenda mwenyewe kuwasikiliza. Wakiamua mpagazi apate siku, ataipata. Ila wakitaka siku hiyo maduka yawe wazi, msishangae.

Wenu wa ughaibuni.